Wimbo Uliomtaja Marehemu

Brenda, siku ya mwisho uliponisaidia kubeba masanduku yangu hadi kwenye gari uliniuliza, "Madam, hii kazi kwani ulikuwa unaifanya aje?" Nilicheka tu, maana hata mume wangu ameshindwa kuielewa miaka yote hii. Kwenye barua ya kuajiriwa nilikuwa afisa wa maendeleo ya jamii. Kwa watu wa Kajiado nilikuwa "yule Madam wa kuimbisha watu." Sasa nimekaa hapa Nkoroi na kuku wangu, muda ninao, nitakujibu wewe na wenzako. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Vyeo vilichelewa, na mshahara mnaujua. Nitaandika ya kazi yenyewe, na mengi yake yananiuma. Waswahili husema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Wangu huyu mjukuu ameshafika, ameota na meno.

Nilifika Kajiado mara ya kwanza nikiwa nimevaa viatu vya kisigino, na mkononi nina faili jipya lisilo na kitu ndani. Mimi ni Mtaita. Si upande wa Wamaasai wenye ng'ombe wala wa Wakikuyu wenye kununua ploti, na nadhani ndiyo sababu nilipelekwa huko. Aliyenipokea alikuwa Bi. Rhoda, mama mnene wa kutoka Kiserian, aliyekuwa amefanya kazi hiyo tangu mimi niko shule ya msingi. Aliniangalia viatu, akaniangalia faili, kisha akanipa sufuria kubwa nyeusi ya chai. "Shika hii kwanza," akasema. "Hiyo kalamu utaihitaji baadaye, kama utadumu."

Baraza langu la kwanza lilihusu ua wa seng'enge uliokatwa. Nilisimama nikahutubia juu ya umoja wa taifa, haki ya Mungu niliongea vizuri. Mzee mmoja akalala. Mwingine akainuka akaenda kunywesha mbuzi, na hakurudi. Nilipokaa, Bi. Rhoda akaniinamia sikioni. "Umemaliza kuhubiri, mama? Haya, tuanze kazi." Akawaomba wanawake waliokuwa wakipika chai waimbe chochote, na yule mzee akaamka.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Bi. Rhoda hakuwahi kuita mkutano wa amani kwa jina la amani. Alisema ukiwaambia watu waje kwa mkutano wa amani, kila mtu anajua kuna vita, na anabeba rungu. Yeye aliita mkutano wa maji, au wa chanjo ya ndama, au wa barabara. Viti vya plastiki hakukodi upande mmoja; nusu vilitoka kwa kanisa la wenye mashamba, nusu kutoka shule ya upande wa mabomani, na alivichanganya mwenyewe ili mtu asikalie kiti cha kwao. Chai ilikuwa vita vyake vingine. Wamaasai walitaka maziwa yenye majani ya chai kidogo, Wakikuyu walitaka chai yenye maziwa kidogo, na kila upande uliona mwenzake anaharibu. Alichemsha sufuria mbili na kuwalazimisha wabadilishane vikombe. Nilimwona mwalimu mstaafu akimeza yale maziwa kama dawa ya minyoo.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa kwa nyimbo. Alikuwa na njia moja ambayo sijaiona kwingine. Upande huu ungefundisha wimbo wao, na upande ule ungeuimba mbele ya wenyewe, na wenyewe wasahihishe. Si kuimba pamoja ule wimbo wa wote ambao hauna mwenyewe. Hapana. Uchukue wimbo wa mwenzako, uuharibu, akucheke, akurekebishe. "Mtu akishakucheka ukikosea wimbo wake," aliniambia, "kesho ataona aibu kukurushia jiwe." Nilidhani ni maneno ya kizee. Nikaja kuona wanaume waliokuwa wakishitakiana kwa chifu wakishikana mabega, Mkikuyu mwenye kitambi akijaribu kuruka na morani akimwambia, "Mzee, tumbo liache nyumbani!"

Bi. Rhoda alipostaafu aliniachia sufuria. Ofisi ilitaka kunipa projekta.

Baadaye nilihamishiwa Kitengela. Wewe Brenda umeikuta ikiwa ghorofa na vumbi la lori, lakini wakati huo bado ungeweza kusimama nyuma ya mji ukaona pundamilia na mabati kwa pamoja. Ploti zilikuwa zinauzwa kila siku. Mtu ananunua, anazungusha seng'enge, anapanda sukuma na nyanya. Jirani yake Mmaasai anaamka na kukuta njia ambayo babu yake alipitisha ng'ombe imekuwa lango la mtu, na mbwa ndani. Katikati ya hayo yote kulikuwa na kisima kimoja cha mashine, na wote walikunywa hapo. Mahali penyewe sitapataja, wapo watoto wao.

Hapo kisimani ndipo nilipowakuta wale wanawake wawili ambao kwa ajili yao hasa ninaandika haya.

Wa kwanza ni Nyokabi. Alikuwa mjane kutoka Nyeri, mwenye shamba la nyanya, mtunzi wa nyimbo wa kikundi cha akina mama kanisani kwao. Alikuwa na mdomo, Nyokabi! Alikuwa anaongea hata akiwa na sindano ya kushonea mdomoni. Wa pili nitamwita Mama Nashipai. Zamani hatukumwita hivyo, tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, na mbele mtaona kwa nini jina hilo sitaliandika. Alikuwa mwimbishaji wa wanawake wa mabomani, yule ambaye hutangulia na wengine wakamwitikia kwa sauti ya chini, kifuani. Alikuwa hasemi sana. Akishaanza kuimba, hata ng'ombe walisimama wakageuza masikio.

Siku niliyowakutanisha walikuwa wanagombania zamu ya mfereji. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikaweka chai, nikamwomba kila mmoja afundishe wimbo. Nyokabi alipojaribu kuimba ule wa Kimaasai, alipiga makofi. Kule hawapigi makofi hivyo, wanatikisa shingo na mabega, shanga ndizo zinazopiga. Mama Nashipai akamshika mikono yote miwili akaishusha.

"Wacha mikono. Kwani unafukuza nzi?"

"Sasa hii mikono niipeleke wapi, dada?"

"Ikae. Imba na shingo."

"Shingo yangu imezoea kubeba mzigo wa kuni, haijui kucheza."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Nyokabi."

Mama Nashipai akacheka mpaka akakaa chini. Kwa Wakikuyu jina hilo hupewa binti kwa kukumbuka nyanyake aliyetoka Umaasaini. "Ai, huyu ni wetu," akawaambia wenzake. "Walimwiba, wakamharibu shingo."

Kuanzia siku hiyo walikuwa pete na kidole. Kikundi kikaanza, nusu wa huku nusu wa kule, bila jina wala sare. Na kikafanya kazi ambayo mimi na chifu hatukuweza. Foleni ya maji ikianza kupanda joto, vijana wakianza kusukumana, mmoja wa wale wawili angeanza wimbo palepale, ndoo kichwani, na mwingine angemjibu. Basi. Ni kijana gani atamtukana mwenzake juu ya sauti ya mama yake? Wanaume walinyamaza kwa hasira, lakini walinyamaza. Niliona jambo hilo mara nyingi mno hata nikaanza kulizoea, na sasa natamani nirudi nisimame pale pembeni nilitazame kwa macho mapya.

Kisha ukaja ukame mbaya. Ng'ombe walikuwa mifupa inayotembea. Mchana mmoja, kundi likavunja ua wa shamba lililopakana na la Nyokabi, likaingia kwenye sukuma. Mlinzi wa shamba alikuwa peke yake, akaogopa, akapiga. Kijana aliyekuja kuwatoa ng'ombe alipigwa kichwani, akafia hospitalini. Alikuwa mwana wa kwanza wa Mama Nashipai. Mlinzi alishtakiwa na mahakama ikafanya kazi yake.

Vijana wa rika la marehemu walitaka kuchoma mashamba yote. Nilikuwepo. Walikuwa wamekusanyika ndani ya boma, na mimi na chifu tulikuwa nje tukiongea maneno ambayo hata sisi hatukuyaamini. Mama Nashipai akatoka nyumbani kwake ameshika nyasi mkononi. Kwa Wamaasai, mwenye kushika nyasi anaomba amani. Nyasi mbichi hazikuwepo, alikuwa ameng'oa kavu kwenye paa. Akaenda akakaa chini katikati ya lango la boma, akanyoosha miguu. Vijana wakazunguka, wakaguna, mmoja akalia kwa sauti, lakini hakuna aliyemruka. Akakaa hapo mpaka walipochoka. Mimi nimehudhuria semina za upatanishi zisizo na idadi, na sijaona kitu kilichokaribia hicho.

Nyokabi alikuja msibani na wanawake wote wa kikundi. Walipika, walichota maji, walilala hapo. Watu wakasema, kama hawa wawili wamesimama pamoja katika hili, hakuna kitakachowatenganisha. Na mimi nilisema hivyo. Nilisema hata kwenye ripoti.

Mwaka ulipozunguka, tukapanga siku ya kukumbuka kwamba eneo letu halikuchomwa. Mimi mwezi huo wote nilikuwa nimeitwa Kajiado kushikilia ofisi, mazoezi yao sikuyaona. Nyokabi akatunga wimbo. Aliutunga kwa siri, akawafundisha wenzake nyumbani kwake, nyuma ya banda la nyanya, awe nao kama zawadi ya kumshtua rafiki yake. Na wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Alichukua ile namna ya kuitikia ya Kimaasai, kifuani, akaipandisha na sauti za kanisani kwao.

Siku ikafika, watu wamejaa, Mama Nashipai amekaa mbele. Wanawake wakaanza kuguna chini chini, naye akatabasamu, akatikisa shingo. Kisha Nyokabi akaingia na kiitikio, na kiitikio kilikuwa jina la yule kijana. Jina lake kamili, la kwake na la baba yake, mara baada ya mara, na kikundi kizima kikilirudia.

Mama Nashipai hakulia. Uso wake ulifungika. Aliinuka, akajifunga shuka vizuri, akapita katikati ya viti akaenda zake nyumbani kwa miguu, na wimbo ukaendelea kwa kitambo nyuma yake kwa sababu Nyokabi alikuwa ameimba akiwa amefumba macho.

Kwa Wamaasai wa zamani, marehemu hatajwi. Jina lake linawekwa chini pamoja naye. Siku hizi wengi hawaushiki tena mwiko huo, wameokoka, wanaandika majina kwenye misalaba na kuchapisha picha kwenye fulana. Ndiyo maana mtu angeweza kukaa huko miaka asijue kwamba kuna nyumba ambazo bado wanaushika. Jirani walikuwa wameacha kumwita mama huyo kwa jina la mwanawe tangu siku ya mazishi, wakahamia kwa jina la binti yake, kimya kimya. Wakikuyu walidhani ni mazoea tu, nao wakafuata.

Lakini nusu ya kikundi walikuwa Wamaasai! Walikuwa wamefanya mazoezi ya wimbo huo wiki nzima. Niliwaendea kesho yake nimewaka kama jiko. "Nyinyi mlijua. Mbona hamkumwambia Nyokabi?"

Wakaangaliana. Mmoja, mke wa mzee wa kanisa, akajibu kwa upole. "Madam, mtu amekupikia chakula, amefurahi, anakutazama ukila. Utamwambia chumvi imezidi?"

"Hii si chumvi!"

"Tulifikiri labda Mama ameshaacha hayo mambo. Anaenda kanisani. Na ni nyinyi mlitufundisha, mtu akitoa wimbo wake, usimkatize. Msikilize mpaka mwisho."

Brenda, mlishike hili kama hamtashika lingine. Tuliwafundisha watu kusikilizana, kushukuru, kungojea zamu. Yote ni mazuri. Lakini watu wakishakuwa na adabu sana wao kwa wao, bado hawajawa ndugu. Ndugu yako hukwambia, "Wewe, nyamaza, hilo hapana." Kikundi chetu kilikuwa na upendo mwingi, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema hapana. Sijui tungefundishaje hilo kwa wimbo. Bi. Rhoda labda angejua, lakini alikuwa ameshatangulia.

Nilimwendea Mama Nashipai. Binti yake alikuwepo, msichana wa chuo, anabishana naye. "Mama, hayo ni ya zamani, sisi ni watu wa Mungu."

"Mungu namjua," mama akamwambia. "Lakini yule mtoto, mimi ndiye nilimzaa." Kisha akanigeukia. "Madam, sisi mtu akienda tunamlaza. Ukimtaja unamwita. Mimi nilimlaza kwa shida, wewe uliona. Kila asubuhi namlaza tena. Sasa wamemwamsha mbele ya watu wote, na mimi niko na nini ya kumpa?"

Nilimwendea Nyokabi. Naye, maskini, alikuwa ameumia kuliko alivyoweza kusema, na kwa mara ya kwanza niliona anatafuta maneno. Alikuwa na mtoto wa kike aliyefariki akiwa mdogo. Watu wa kwao, kwa kumhurumia, hawakumtaja tena mtoto huyo mbele yake. "Ilikuwa ni kama sijawahi kumzaa," akaniambia. "Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aseme jina lake. Mmoja tu! Hakuna. Kwa hivyo nikasema, mtoto wa rafiki yangu hatafanyiwa hivyo. Nitamtaja mimi." Akalia. "Na ameniondokea kama mimi ni mwizi."

Mnaona? Kila mmoja alimpa mwenzake kile ambacho yeye mwenyewe angekitaka zaidi ya vyote duniani.

Nilimweleza Nyokabi, akaelewa upesi, akataka twende siku hiyohiyo. Tukachukua sukari na shuka mpya. Ndani ya gari nilimkumbusha, "Lile jina usilitaje." "Sitalitaja." "Hata kidogo." "Madam, mimi si mtoto." Tulipofika tukapokewa vizuri, tukapewa chai. Nyokabi akapiga magoti, machozi yanamtiririka, akaanza: "Dada, nisamehe, mimi sikujua, mimi nilimpenda sana..." na jina likatoka. Kwao huwezi kuomba msamaha juu ya mtu bila kumtaja huyo mtu. Lilitoka lenyewe, kama kikohozi.

Mama Nashipai akaweka kikombe chini. Akaenda kuangalia mbuzi, na hakurudi mpaka tulipoondoka.

Njia nzima ya kurudi Kitengela Nyokabi alikuwa anajipiga mdomo kwa kiganja. "Huu mdomo! Ngai, huu mdomo wangu!" Nililazimika kusimamisha gari nimshike mkono.

Hakuna aliyepigana baada ya hapo. Ningependa mlielewe hilo, kwa sababu kwenye ripoti eneo hilo liliendelea kuwa salama. Kikundi kilimeguka taratibu. Wachache wa upande wa Nyokabi walianza kuimbia wanasiasa, wakapata fulana nyingi. Kisimani kamati iliweka kufuli na mlinzi, siku zenu na siku zetu, na foleni ikawa kimya. Hakuna wimbo, hakuna tusi. Wageni kutoka Nairobi walikuja kujifunza jinsi tulivyofaulu, wakapiga picha kufuli.

Wale wawili hawakuchukiana. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Nyokabi angenipa katoni ya nyanya: "Pitisha kwa yule dada." Mama Nashipai angenipa kibuyu cha maziwa ya mgando: "Mpe yule asiye na shingo." Gari la serikali likawa la kupeleka nyanya na maziwa, na mafuta yake niliyaandika kama ziara za kikazi, na zilikuwa za kikazi. Nilimwambia kila mmoja, mwenzako anakungoja. Nilibembeleza, nikakaripia, siku moja nikawaitia mkutano wa uongo wa chanjo. Wote wawili walijua ni uongo, na wote wawili hawakuja.

"Bado," Mama Nashipai aliniambia. "Nikimwona nitakumbuka ule wimbo. Wacha upoe."

Ukame mwingine ukaja, akahama na ng'ombe kwenda mbali huko Entarara, kwa ndugu yake anayelima. Huku Nyokabi akaanza kuumwa sukari, mguu ukakataa kupona. Nikampigia simu Mama Nashipai, nikamwambia aongee naye, nitashika simu mimi mwenyewe. Akakataa. "Hii si ya simu, Madam. Niliondoka kwake kwa miguu, nitarudi kwa miguu. Mvua ikinyesha tu. Mwambie."

Nikamwambia Nyokabi. Akafurahi kama mtoto, kisha akaangalia ule mguu. "Asikuje saa hii, anikute hivi. Wacha nipone kwanza, nimpikie."

Basi mmoja anangoja mvua, mmoja anangoja kupona, na mimi katikati nabeba salamu. Mvua ilinyesha. Mama Nashipai alikuwa ameshaanza safari ya kurudi wakati Nyokabi alipofariki hospitalini.

Ilikuwa muda mfupi kabla sijastaafu. Alizikwa shambani kwake, hema zimefungwa pale palipokuwa banda la nyanya. Jina lake lilikuwa kila mahali, kwenye msalaba, kwenye karatasi za ratiba, kwenye maombi. Wazungumzaji walilitaja bila kuchoka, kwa namna ambayo angeipenda. Katikati ya hotuba za jamaa nikawaona wanawake wa mabomani wanaingia kwa mstari, wamevaa shanga, na Mama Nashipai mbele. Alikuwa amekonda. Akaja akakaa karibu nami, hakunisalimia. Kila jina lilipotajwa nilimwona anashtuka kidogo, mabega, kama mtu anayemwagiwa maji baridi.

Mwongoza shughuli akaita marafiki. Mama Nashipai akasimama. Nilimshika shuka nikamnong'oneza, "Mama, si lazima." Akautoa mkono wangu.

Alisimama mbele ya jeneza akaanza kwa Kimaasai, na wenzake wakamwitikia kifuani. Niliujua wimbo huo, ndio ule wa siku ya kwanza, wa kuimba na shingo. Halafu mahali pa kiitikio akaingiza jina. Nyokabi. Akalisema waziwazi, akiwa ameangalia mbao. Sauti za wenzake zikakatika. Bibi mmoja akajiziba mdomo. Mama Nashipai akabaki peke yake katikati ya wimbo, bila wa kumwitikia, na kwa wimbo wa namna ile hakuna kitu kigumu kuliko hicho. Akaita tena, Nyokabi. Ndipo wanawake wa kanisa wakainuka mmoja mmoja kwenye viti vyao wakamwitikia, kwa kifua, vibaya, wengine wakipiga makofi. Hakuwasahihisha.

Aliporudi kukaa alikuwa ameloa jasho. Jeneza likaanza kuinuliwa. Akaniuliza polepole, bila kunitazama, "Madam, kwa watu wake, mtu akiitwa hivi, anasikia?"

"Wanasema anasikia."

"Na wewe unasema aje?"

"Mimi sijui, Mama."

Akatikisa kichwa. Tukawatazama wakimbeba kuelekea kaburini, nyuma ya nyumba.

"Ningemwita akiwa hapo jikoni kwake," akasema, "angeitika."